Samaki wa Mwalimu na Mali Isiyo na Daftari

Katika baraza moja la mashairi hapa kisiwani, baada ya kahawa ya mzunguko wa pili, mwenzetu mmoja mwenye ulimi mtamu na kanzu iliyopigwa pasi barabara alinigeukia mbele ya watu akasema: "Wewe, mwana wa Bukoba, kila tukikutana watuletea habari za vijisamaki vya ziwani. Sisi ni watu wa bahari. Vijisamaki hivyo Wazungu wamevichukua, wamevitia katika vioo vyao, wanavilisha na kuvitibu. Vingebaki kwenu mngevikaanga. Sema ahsante, tuendelee na mashairi." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, maana mgeni hamjibu mwenyeji kwa ukali barazani kwake. Lakini cheko lile limenikaa kooni kama mwiba wa changu, na leo nautoa.

Nimezaliwa Kitendaguro, kata iliyomo katika Manispaa ya Bukoba, ambako mgomba wa kwanza huanzia mlangoni na wa mwisho huonekana umegusa mbingu. Utotoni tulikuwa tukishuka hadi Mto Kanoni, na siku za ujasiri hadi ufukweni mwa ziwa, tukiwa na kipande cha chandarua kilichotoboka na chupa iliyokwisha kazi yake ya kwanza. Tulichokitafuta ni furu. Hatukujua kuwa jina hilo moja lilibeba mamia ya aina. Kwetu furu alikuwa furu, mdogo kama kidole cha mtu mzima, na dume lake lilipopata jua liliwaka rangi ambazo hatukuwa na maneno ya kuzitaja. Tulimtia chupani, tukamweka dirishani, na asubuhi tulimkuta amelala ubavu juu ya maji. Marehemu mjomba wangu aliiona chupa ile siku moja, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, ukimtoa mtu kwake, mchukulie na hewa yake." Nilidhani anazungumzia samaki tu.

Miaka mingi baadaye, katika mji mmoja wa Ulaya, niliingia dukani kuikimbia mvua. Lilikuwa duka la samaki wa mapambo, lenye joto kama la kwetu na mlio wa mashine za kutia hewa majini. Katika tangi moja la kioo nikawaona: mgongo mwekundu kama kaa la moto, ubavu wa manjano, na michirizi myeusi iliyosimama wima. Chini yao palibandikwa kijikaratasi cha bei, na juu ya bei jina: Pundamilia nyererei, Makobe. Nikalisoma mara tatu. Makobe ni kisiwa cha mawe karibu na Mwanza. Pundamilia ni Kiswahili chetu, wala hakihitaji tafsiri. Na nyererei, msomaji, ni Mwalimu.

Muuzaji, kijana muungwana, alinieleza kuwa hawa hawakutoka ziwani. Walizaliwa Ulaya, na wazazi wao pia, na wazazi wa wazazi wao. Nilipomwambia kuwa natoka upande wa pili wa ziwa hilohilo aliniuliza kwa furaha ya kweli: "Kwa hiyo unao nyumbani?" Nikamjibu kwamba nyumbani sijawahi kumwona. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Jina la nyererei lilitolewa na wanasayansi wa Kiholanzi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Ni heshima, na sina sababu ya kuitilia shaka. Mwaka 1998 aina kadhaa za furu wa mawe zikapewa majina mapya ya kitaalamu, na humo Kiswahili na lugha za kanda ya ziwa vikaingia katika daftari la dunia: Pundamilia ni jina moja, na Mbipia ni jingine, lililotoka kwa mbipi, neno la wavuvi. Mwaka 2014 maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili wa nyererei yalisomwa yakachapishwa pamoja na ya samaki wengine wanne wa Afrika wa ukoo wake. Basi samaki huyu anasomwa, anatajwa, anauzwa na kuzalishwa kote duniani, ilhali mtoto wa Kitendaguro hana hata picha yake darasani. Hapo ndipo penye ugomvi wangu na bwana wa kanzu.

Tuanze na safari zenyewe, kwa kuwa wanaodai shukrani aghalabu husimulia ya mwisho tu. Furu wa kwanza waliovuka mipaka walivuka maiti, ndani ya mitungi ya pombe kali. Mjerumani Hilgendorf alikaa Berlin mwaka 1888 akawapa jina la Haplochromis kutokana na mizoga iliyoletwa na msafiri, ziwa hakuliona. Baada yake Waingereza wa makumbusho ya London wakajaza rafu zao. Rangi ile iliyowaka chupani mwetu hufutika ndani ya pombe, kwa hiyo kwa miongo mingi wataalamu walimjua furu kwa meno na mifupa, kama mtu anayemjua Muyaka kwa hesabu ya mizani pasipo kusikia sauti.

Kisha zikaja safari za walio hai, na ya kwanza kati ya hizo ilielekea ndani. Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliletwa kutoka maziwa ya Albert na Turkana. Wa kwanza walitiwa upande wa Uganda mwaka 1954 bila ya mjadala wa wazi, kisha rasmi Entebbe na Kisumu mwaka 1962 na 1963. Mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, alikwisha kuandika mwaka 1960 kuonya kwamba mlaji mkubwa namna ile asitiwe. Hoja ya waliomtia ilikuwa kwamba ziwa limejaa furu, samaki mdogo wa miiba asiye na bei, na afadhali ageuzwe nyama ya samaki mwenye bei. Katika taarifa zao furu aliandikwa kuwa samaki taka. Msomaji wa mashairi anajua kazi ya neno: ukishakiita kitu taka, umeshatoa ruhusa ya kukifagia.

Ruhusa ikatumika. Katikati ya miaka ya 1970 palijengwa Mwanza kiwanda cha kumsaga furu awe unga wa kulisha mifugo, na mashua za kukokota nyavu zikamfuata chini ya maji. Mwaka 1977 timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza, na humo ikagundua kwamba taka ile ilikuwa mamia ya aina, kila moja na chakula chake, kina chake na rangi yake: walaji wa konokono, walaji wa magamba ya wenzao, walaji wa mayai wanaompora mama vifaranga mdomoni. Wote hao walichipuka katika muda mfupi wa kushangaza, maana ziwa hilo lilikauka na kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Watafiti hawajamaliza hata kuwapa majina, sangara akafumuka. Ndani ya miaka michache ya mwanzo wa 1980 furu waliokuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wa ghuba ile wakawa nadra kuonekana. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Zilitoweka nyingi zikiwa hazina jina katika lugha yoyote, Kisukuma, Kihaya, Kiswahili wala Kilatini.

Katika mashaka hayo ndipo furu hai walipopakiwa kwa safari ya kutoka. Watafiti walikwisha kuwapeleka wengine Leiden, na wengine wakafika Marekani, ambako mabustani ya wanyama na nyumba za maonyesho ya samaki, ile ya Boston ikiwemo, ziliweka mpango wa kuwazalisha wasipotee. Zipo aina ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kuishi katika vioo hivyo tu.

Basi, ahsante. Nimeisema, na naisema kwa moyo mweupe. Waliokesha kubadilisha maji ya samaki wa kwetu katika baridi ya Uholanzi walifanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya Bukoba. Lakini bwana wangu, shukrani ni mwanzo wa mazungumzo. Wewe unaitumia kuyafunga. Mtu akiokoa watoto wangu nyumba ikiwaka nitambusu mkono. Kesho yake nitamwuliza wako wapi, wangapi, na lini watakuja kuniona. Akinijibu kwamba wengine amewagawa kwa majirani, na majirani wamewauza, na anayewanunua hajui kuwa wana baba, je, niubusu mkono wake mara ya pili?

Maana ndivyo ilivyokwenda. Samaki akishavuka akazaa, uzao wake hufuata njia za sokoni. Aina fulani hupata majina ya dukani yasiyo na mwenyewe wala pahala. Mmoja anaitwa kwa Kiingereza kijani cha yakuti, mwingine kwa jina la mahali karibu na Kisumu lenye kiboko ndani yake. Majike ya furu hufanana mno, na akitiwa jike wa aina moja na dume wa aina nyingine katika tangi moja huzaa machotara ambao duka halitawatofautisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa pwani ndio waliotufundisha methali hiyo sisi wa bara, kwa vile ndio walioweka madaftari ya majahazi.

Na tena kuna hili la kinywani, ambalo kila nilifikiriapo hunipa kicheko na uchungu kwa pamoja. Jike wa furu hulea kwa mdomo. Hutaga, huyachukua mayai kinywani, na kwa wiki kadhaa hatafuni kitu mpaka watoto waweze kuogelea. Hata hapo, wakishtuka hurudi mdomoni mwake. Sasa mtazame afisa wa forodha mbele ya kasha lile jepesi jeupe. Ndani yake mna mifuko ya plastiki iliyofungwa maradufu, theluthi moja maji, sehemu iliyobaki oksijeni. Samaki hawakulishwa siku moja au mbili kabla ili wasichafue maji safarini. Afisa anahesabu: mmoja, wawili, watatu. Anapiga muhuri. Mama amefumba mdomo wake, na ndani mna watoto makumi ambao hawakuandikwa popote. Sijui taswira nyingine inayoeleza vizuri zaidi namna mali ya nchi hizi inavyotoka.

Msinielewe vibaya kwamba nataka kila mlango ufungwe. Wapo ndugu zetu wenye hasira nzuri wanaosema: hakuna mnyama hai kutoka, basi. Hasira hiyo ina sababu. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, twiga wakiwemo, walipakiwa katika ndege kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar, na nchi nzima ikajiuliza twiga anafichwaje. Mei 2016 serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022 mamlaka ikatangaza kufungua dirisha la miezi sita kwa wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama, na kelele zikawa kubwa hata wizara ikalisimamisha mara moja. Lakini twiga ana shingo ndefu na watetezi wengi. Furu nani atamwona? Marufuku iliyoandikwa kwa hasira ya twiga haimgusi samaki wa inchi tatu, ambaye vitabuni husimamiwa na watu wa uvuvi. Na mpakani Mutukula, pale tunapopakana na Uganda, mwenye kusumbuliwa daima ni mama mwenye ndoo.

Tena marufuku ingetunyima mfano bora tulio nao. Namzungumzia chura wa Kihansi. Chura huyu, mdogo wa kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, ukingoni mwa milima ya Udzungwa. Dunia yake yote ilikuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa na rasharasha la maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyageuza maji, rasharasha likakauka. Mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali yetu, vyura 499 walipelekwa New York, katika bustani ya Bronx, na baadaye wengine wakalelewa Toledo, Ohio. Walikufa wengi, wakabaki makumi machache. Huku nyumbani kuvu wa ngozi za vyura aliingia korongoni mwaka 2003, na kundi la maelfu likaanguka ndani ya miezi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Lakini wale wa ng'ambo walikuwa wamehesabiwa. Kila mmoja alijulikana alitoka wapi, na ilijulikana kuwa ni wa Tanzania. Agosti 2010 vyura mia moja walirudi wakiwa hai, wakawekwa katika nyumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakalelewa na Watanzania waliofunzwa kazi hiyo, na Desemba 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako mvua ya kutengenezwa kwa mabomba inawanyeshea hadi leo.

Hiyo ndiyo amana. Neno hili watu wa visiwa wanalijua uzito wake kuliko mimi: kitu kimewekwa kwa mtu, mwenyewe yuko hai, na siku moja atagonga hodi. Kuvuka mpaka si dhambi. Ninachokitaka ni kwamba anayevuka avuke akiwa amana. Kwa nini chura apewe daraja hiyo na furu asipewe? Jibu langu, na nitalibeba lawama yake, ni kwamba chura alikutana na bwawa lililojengwa kwa fedha za mikopo ya kimataifa, penye mikataba na macho ya watu. Furu alikutana na njaa ya minofu, na hapo hakuna aliyetaka daftari.

Tazameni na Ziwa Tanganyika, mlione jambo lenyewe likiwa uchi. Huko samaki wa mapambo wamekuwa biashara ya waziwazi kwa miongo mingi, kutoka Burundi, Kigoma, Zambia na Kongo. Yupo samaki mmoja mzuri wa ziwa hilo, mwenye mapezi marefu kama pindo za kitenge cha hariri, ambaye jina lake la kitaalamu ni brichardi, kwa heshima ya Mbelgiji aliyekuwa akiwasafirisha samaki hao kutoka Burundi. Aliandika vitabu pia, na mchango wake katika kuwajua samaki hao ni mkubwa, sikatai. Hata hivyo hebu tulie kidogo juu ya hilo: samaki amepewa jina la msafirishaji wake. Ni kama karafuu ingeitwa kwa jina la meli.

Sasa niwageukie nyinyi watu wa bahari, mliocheka. Pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1970, wazamiaji hushuka miambani kukamata samaki wa rangi wakiwa hai kwa ajili ya matangi ya Ulaya na Marekani. Miongoni mwao yumo yule kijisamaki msafishaji anayewatoa wenziwe wadudu mwilini, mganga wa mwamba mzima. Mwondoeni mganga, muone wagonjwa. Na yule samaki wa mapezi ya miiba yenye sumu, ambaye Waingereza humwita samaki-simba, hana makazi yake ya asili upande ule wa Atlantiki. Ni wa bahari zetu na za mashariki yake. Alipelekwa Marekani kupamba vioo, wenye vioo wakamchoka wakamtupa baharini. Tangu alipoonekana Florida mwaka 1985 amefika Karibi yote, akila vifaranga wa samaki wa watu ambao hawakumwalika. Nasi tulilipwa senti ngapi kwa balaa hilo? Mimi nasema hata tungelipwa vizuri, deni la kutahadharisha lilikuwa letu pia.

Hata Kagera yetu imepokea zawadi ya namna hiyo. Gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye ua la zambarau, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wake, lielee katika madimbwi ya bustani za watu wenye nafasi. Likaingia mitoni Rwanda, likateremka na Mto Kagera, ukipita mkoani kwetu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia ziwani. Miaka ya 1990 ghuba nzima zilifungwa, mitumbwi haikupita, na ikabidi waletwe wadudu wa kulitafuna, nao pia wageni. Hakuna mlinzi wa mpaka aliyewahi kuliomba ua lile hati ya kusafiria. Lakini minofu ya sangara iliyokufa na kugandishwa ilipokwenda Ulaya, mwishoni mwa miaka hiyo ilizuiwa zaidi ya mara moja, kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa hofu ya sumu. Nawasifu kwa kulinda matumbo yao. Nauliza tu, ziwa letu lilikuwa tumbo la nani?

Kwa sababu hiyohiyo simo katika kundi la wanaotaka ndege ije kesho na makasha, furu wa vioo wamwagwe ziwani tupige vigelegele. Samaki aliyeishi vizazi thelathini katika maji ya bomba, pamoja na wageni wa maziwa mengine, anaweza kurudi na ugonjwa tusioujua au na damu iliyochanganyika. Kuvu yule wa Kihansi ni wa jamii iliyokwisha kuua vyura katika mabara kadhaa, na wanaohusika na kueneza maradhi hayo ni sisi binadamu, kwa biashara yetu ya viumbe hai. Mpaka uwepo na daktari mpakani, kwa anayetoka na kwa anayerudi.

Isitoshe, nyumba yenyewe imebadilika. Watafiti walichunguza furu wa mawe wakabaini kwamba jike humchagua mume kwa rangi. Nyererei mwekundu na ndugu yake wa buluu, aliyepewa jina la pundamilia mara mbili, wanaweza kuzaliana wakitaka. Kinachowatenga ni macho ya jike. Maji yakiwa safi kila mmoja humjua wake. Maji yakitibuka kwa udongo wa mashamba na uchafu wa miji, mwanga hufifia, nyekundu na buluu huwa kijivu, jike hukosea, na ndani ya muda aina mbili huwa moja isiyo na rangi. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1997. Niliposoma nilishangaa kwamba hakuna mshairi wetu hata mmoja niliyemsikia ameigusa. Tumeandika tenzi ngapi juu ya wapendanao waliotengwa na wazazi, na bahari, na mahari? Hapa pana mapenzi yanayokufa kwa sababu maji yamechafuka na mpenzi haonekani, tena si sitiari, ni habari ya kweli ya Ghuba ya Mwanza, na tumewaachia wenye darubini.

Hili nalo ni la kwetu wenye kalamu. Watu wa bahari mna jina la kila samaki: changu, tasi, kolekole, chewa, pono, kibua, mkizi, kila mmoja na msimu wake na mpishi wake. Sisi wa ziwa tuna sato, ngege, ningu, gogogo, kamongo, dagaa, kisha mamia yaliyobaki tuliyatia katika kapu moja la furu. Hatukuwa wavivu. Mvuvi hutaja kile soko linachokitofautisha, na soko halikumtofautisha furu. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya iliyokusanya maisha ya watu wa kisiwa chake jambo kwa jambo, na ilingoja hadi 1980 kutoka kwa Kiswahili. Yeye alielewa kwamba kisichotajwa huondoka kimyakimya. Furu aliondoka hivyo. Cheti cha kusafirisha kikiandikwa "samaki wa mapambo, hai, mia mbili", ni kapu lilelile la furu limepigwa muhuri.

Ninachodai ni vitu vya kushikika. Kila samaki hai anayetoka katika maji yetu, ya chumvi au baridi, aandikwe kwa jina la aina yake na pahala alipokamatwa, na hati iseme kwamba yeye na uzao wake ni amana. Sheria ya kimataifa imetufungulia mlango; Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inahusu hasa nani afaidike na urithi wa viumbe hai na kwa ridhaa ya nani. Waliowachukua zamani, kabla ya itifaki, hawatashurutishwa na karatasi hiyo, ila wanaweza kuombwa kwa heshima, na wengi wao ni waungwana, nimewaona. Na kitu cha kwanza cha kuwaomba ni kidogo sana: matangi machache, mashine za kutia hewa, na jozi kadhaa za furu waliopimwa afya, wasiogusa ziwa, wawekwe Bukoba mahali ambapo mtoto anaweza kuingia bila ya kulipa. Umeme ukikatika pawe na betri. Mlezi awe mtu wa hapo, afunzwe na alipwe, kama walivyofunzwa walezi wa vyura Dar es Salaam.

Bwana wa kanzu atasema tena kwamba tungewakaanga. Pengine. Nyumbani kwetu furu alikaushwa, akachemshwa na karanga, akaliwa na ndizi, na vizazi kwa vizazi vya kula hivyo havikummaliza. Aliyemmaliza ndani ya miaka kumi hakuwa na kikaango.

Likizo iliyopita nilikwenda Kitendaguro, nikampelekea mpwa wangu wa miaka tisa picha ya nyererei niliyoichapisha kwa rangi. Aliitazama muda mrefu, akageuza karatasi kuona kama nyuma pameandikwa kitu, kisha akaniuliza huyu anaishi nchi gani. Nikamwambia anaishi hapa, ziwani, ng'ambo ya Mwanza, na pia mbali sana katika nyumba za watu. Akauliza kama wale wa mbali wanajua Kiswahili. Nikamwambia jina lao ni Kiswahili. Akaichukua picha, akatoka mbio kuwaonyesha wenziwe, na mkono wa pili ameshika chupa.